Mwaka wa Macho ya Sambaza

Mwaliko ulinikuta Kalehe, katika chumba cha walimu, nikiwa na chaki vidoleni na chai yangu imeanza kupoa. Ulikuwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Kabla Papa Murhula hajasema neno lolote niliisikia kompresa ikinguruma nyuma yake, ile ile, yenye kikohozi kimoja kila inapokaribia kujaa hewa, na nikajikuta nimesimama bila kujua kwa nini. “Lisansi,” alisema, kwa lile jina ambalo ni watu wa karakana yake tu wanaoniita, “siku ya posho ukuye ku atelye. Riziki njo atabakia na pistole. Miye mabega imechoka.” Hakuongeza kitu. Atelye ni karakana, pistole ni kile kifaa cha mkono kinachorusha rangi kwa nguvu ya hewa, Riziki ni binti yake, na siku ya posho ni Jumamosi. Nilisikiliza ujumbe ule tena na tena, mpaka mwalimu wa hesabu akaniuliza kama kuna mtu amenichumbia.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianza na kikombe. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ya historia, na nilikuwa nimepanga chumba kimoja mtaa wa Essence, mjini Bukavu, chumba chenye kitanda, meza, dirisha linalotazama ukuta, na ukuta mwingine ambao nyuma yake kulikuwa na karakana ya Papa Murhula. Kila asubuhi umeme ukirudi, kompresa iliwashwa upande wa pili, na kikombe changu kikaanza kutembea mezani, polepole, kikielekea ukingoni. Nilikuwa ninaandika barua za kuomba kazi ambazo hazikujibiwa. Siku moja kikombe kilianguka kikavunjika juu ya barua, nikatoka nimekasirika, nikazunguka uzio, nikaingia karakanani bila kubisha, nikiwa na hotuba nzima tayari mdomoni. Sijaitoa hata leo. Nilimkuta mwanaume mfupi wa makamo, kitambaa kimefungwa puani, amesimama mbele ya mlango wa friji uliokwaruzwa mpaka ukafanana na ngozi yenye mabaka. Aliinua mkono, akavuta kidole, na wingu jeupe likatoka, pana kama upepeo, likapita juu ya bati kutoka kushoto kwenda kulia. Nyuma ya wingu lile, mabaka hayakuwepo tena. Akarudi kutoka kulia kwenda kushoto, akilalia nusu ya njia aliyopita, na bati likaanza kung’aa kama maziwa ndani ya kibuyu. Harufu ilinichoma macho. Nilikuwa nimesoma miaka mingi jinsi dunia inavyobadilika, lakini sikuwahi kuiona ikibadilika mbele yangu kwa muda wa pumzi moja.

Nilimwomba anifundishe. Alicheka, kisha akaniuliza nimesoma nini, nikamwambia, na fundi wake wa pili, jitu refu linaloitwa Bisimwa, akasema kwamba basi karakana imepata lisansi, yaani shahada, sasa friji zitaandikwa insha. Jina likanishika hapo hapo. Nikaanza na kazi za chini: kukwaruza kwa msasa wa maji mpaka ncha za vidole zinakuwa laini kama za mtoto mchanga, kujaza mashimo kwa mastiki, kubandika magazeti ya zamani kwenye vioo vya magari ili rangi isivifikie. Bisimwa alilalamika kwamba ninayasoma magazeti badala ya kuyabandika, na ilikuwa kweli. Adhuhuri tulikula pamoja, ugali wa muhogo na sombe, na siku nzuri sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, wote tukizunguka sahani moja juu ya pipa lililogeuzwa. Mazungumzo yalikuwa ya mpira, ya barabara ya Kamanyola, ya nani ameoa nani Mumosho na kwa nini wajomba hawakufika. Nilikuwa nimezoea mabishano ya chuoni ambayo hayana mwisho. Hapa mtu alibisha, kisha akanawa, kisha bati likasema nani yuko sawa.

Katika yote niliyoyaona, kilichonisisimua zaidi ni kiganja cha Papa Murhula. Bati likishakwaruzwa, likaoshwa, likafutwa kwa dilian, ile dawa kali ya kuyeyusha rangi, Papa aliimwagia sakafu maji ili vumbi lilale, akafumba macho, akapitisha kiganja kitupu juu ya bati lote, taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa kipofu mwenzake. Chembe moja ya mchanga isingempita. Alisema macho hudanganywa na mwanga, kiganja hakidanganywi. Baada ya kiganja hakuna aliyegusa kitu tena, ilibaki pistole tu. Alijifunza hivyo kwa bwana wake, na bwana wake kwa bwana wake, na mafundi wote wa Essence walifanya hivyo hivyo.

Kulikuwa na sheria moja. Siku ya kupuliza rangi, mwanamke alitoka nje ya lango. Nilipofika wakati huo kwa mara ya kwanza Bisimwa alinifungulia lango kwa adabu kama bawabu wa hoteli, nikamkuta Maman Riziki, mke wa Papa, tayari amekaa juu ya jiwe barabarani na ungo wa maharage magotini. Nilirudi ndani kuuliza sababu. “Rangi iko naogopa banamuke,” Papa alisema, bila ubaya wowote, kama anayesema mvua inalowesha. Nilimuuliza rangi ilimwogopa mwanamke gani wa kwanza, nani aliona, na ilikuwa wapi. Historia haikunipa kazi lakini ilinipa maswali hayo matatu. Papa alitikisa kichwa akitabasamu. “Uliza yote, mutoto yangu. Lakini ulizia inje.” Kule nje Maman Riziki aliniambia nisijichoshe. Mtu akiingia, alisema, rangi inafanya macho. Yeye mwenyewe aliwahi kuleta chai wakati wa kazi, akasifia mlango wa gari uliokuwa unasubiri rangi kwa kuupapasa kidogo, na macho yakatoka pale pale. Tena yeye hakukasirika kamwe. “Banaume banafanya kazi, miye napumzika,” alisema, akipepeta. “Weye unataka kunitosha ku mapumuziko yangu?”

Macho aliyoyasema niliyaona baadaye kwa macho yangu. Rangi mbichi inapofika mahali fulani inakataa kukaa. Inajivuta pembeni, inaacha shimo dogo la duara lenye ukingo, na katikati bati linakutazama. Karakanani tuliyaita macho ya sambaza, kwa sababu ndivyo yalivyo, madogo, ya mviringo, mengi, yasiyopepesa. Hayafutiki. Inabidi kusubiri rangi ikauke, kukwaruza yote, na kuanza upya. Siku moja niliamua kubaki ndani kwa ubishi. Nilikuwa nimeujaza mastiki mlango wa friji kwa mikono yangu na nilitaka kuuona ukizaliwa. Papa hakunisukuma. Alisema tu haya, tuone. Kabla hajainua pistole niliona unyuzi wa kitambaa kwenye bati, nikaufagia kwa kiganja, kama nilivyomwona yeye akifanya. Rangi ilipopita pale, macho ya sambaza yakafunguka mbele ya watu wote, msururu mzima, umbo la kiganja changu. Papa alizima kompresa. Akasema kwamba Jumatatu ya wiki inayofuata wanapuliza jeep ya tajiri wa Kamanyola, atakayempeleka nayo binti yake kanisani kuolewa, jeep nyeupe yote, na kwamba hatataka tena maneno. Nikitaka kubaki fundi nitakuwa fundi wa msasa na mastiki, na pistole niisahau. La sivyo nirudi kwenye barua zangu.

Usiku haukunipa usingizi, lakini si kwa huzuni. Naona aibu kidogo kusema kwamba nilikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyepewa fumbo la kweli. Mpaka siku ile nilikuwa nimeamini kwamba sheria ya lango ni uongo wa wanaume, na chuoni tungemaliza hapo, tungeipa jina refu na kwenda kunywa soda. Lakini nilikuwa nimeyaona macho. Yalikuwa na umbo la mkono wangu. Kitu fulani kilikuwa kimetokea kweli, kwa Maman Riziki na kwangu. Basi wale walioanzisha sheria hawakusema uongo, walikuwa mashahidi. Na shahidi humtupi kwa sababu maelezo yake hukuyapenda. Unamuuliza zaidi.

Nikaanza kuuliza, na sasa niliuliza vizuri. Nilimfuata Bisimwa akiwa anaosha pistole, nikamuuliza kama macho yamewahi kutoka siku ambayo hapakuwa na mwanamke kabisa. Aliangalia kwanza kama Papa yuko karibu. Yalitoka, alisema, mara nyingi, na karibu kila mara ilikuwa Jumatatu. Papa alimlaumu yeye, Bisimwa, kwamba Jumapili anakunywa pombe ya kasiksi badala ya kwenda misa, na Jumatatu mkono wake unatetemeka. Jambo hilo lilimuuma jitu lile kuliko nilivyodhani. “Mukono ikitetemeka, rangi inalia machozi, inashuka,” aliniambia. “Haitoboke. Na siku ya kwanza hata siyo miye napuliza. Papa njo anapuliza.” Siku ya kwanza ni Jumatatu. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, nikihisi kichwa kinapata moto. Mwanamke na Jumatatu. Nilikwenda kuwauliza mafundi wengine wawili wa barabara ile, wazee wenye karakana zao, nao wakakubali, wakicheka, kwamba Jumatatu ni siku mbaya, rangi nayo huwa imelewa. Sasa swali lilikuwa moja tu. Ni kitu gani kilicho kwa mwanamke kila siku, na kwa mwanaume siku ya Jumatatu?

Jibu lilipita ukutani. Ilikuwa Jumapili asubuhi, nimelala chali nikitazama dari lenye madoa ya mvua, na upande wa pili familia ya Papa ilikuwa inajiandaa kwenda misa. Nilisikia ndoo, nilisikia watoto wakisuguliwa na kulalamika, kisha sauti ya viganja vikipiga ngozi, pa, pa, pa, na Maman Riziki akiicheka ngozi ya mumewe iliyopauka kama unga: “Papa Riziki, miguu yako iko kama ya mutu ametoka mu bunga. Batu batasema nakunyima mafuta. Leta na mikono.” Pa, pa, pa. Niliruka kitandani. Mimi nilijipaka mafuta kila asubuhi, kila mwanamke niliyemjua alijipaka kila asubuhi, ngozi kavu kwetu ni kama nguo chafu. Lakini Papa siku za kazi alijimwagia maji, akavaa ovaroli lake, akaondoka na miguu ya kijivu. Jumapili tu ndiyo alipakwa. Na kazi iliyokwaruzwa Jumamosi ilipulizwa Jumatatu asubuhi, kabla mikono haijagusa msasa wala dilian ya kuisafisha. Na kitu cha mwisho kugusa bati kabla ya rangi kilikuwa kile kiganja, kiganja kisichodanganywa.

Niliwasubiri langoni mpaka walipotoka misa, nikamwambia Papa yote, haraka mno, bila mpangilio, mtoto wake Riziki akiwa amemshika mkono. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye kiganja. Hapo uso wake ukafunga. Alisema kwamba kiganja kile kimepaka rangi magari ya maaskofu. Kwake Bisimwa aliweza kuambiwa amelewa, wanawake waliweza kuambiwa watoke, lakini kiganja kilikuwa hakijawahi kuulizwa kitu. Nikaomba kitu kimoja, mlango mbovu wa friji uliokuwa umetupwa nyuma, na dakika chache kesho kabla ya jeep. Nikikosea nitarudi kwenye barua zangu na sitauliza tena. “Hautauliza tena?” alisema. “Weye?” Nadhani ni hilo lililomshawishi.

Jumatatu Bisimwa aliuosha mlango ule kwa dilian, nami nikaugawa kwa chaki mara nne. Nilikuwa nimejipaka mafuta kama kawaida, nikaweka kiganja changu sehemu ya kwanza. Bisimwa, ambaye hakwenda misa wala hakujipaka, akaweka chake sehemu ya pili. Maman Riziki aliitwa kutoka barabarani. Nilimnawisha kwa sabuni ya kufulia mpaka viwiko, nikamfuta kwa dilian huku akilia kwamba namchuna, akaweka kiganja sehemu ya tatu, akitazama pembeni kama anayeiba. Ilibaki ya nne. Papa alitazama mkono wake, akaufuta kwenye ovaroli, kisha nadhani akaona kwamba kuufuta ni udanganyifu, akauweka tu. Akachukua pistole. Kompresa ikakohoa, ikajaa. Wingu likapita mara moja, nyeupe, juu ya sehemu zote nne.

Kwangu macho yalifunguka kabla hata wingu halijatulia. Kwa Bisimwa palikuwa laini. Kwa Maman Riziki palikuwa laini kiasi kwamba uliona balbu ya dari ikielea ndani yake. Na katika sehemu ya nne, polepole, kana kwamba yanasita kwa heshima, yakafunguka macho ya sambaza, kidole kwa kidole, mpaka mkono mzima wa Papa Murhula ukatutazama kutoka kwenye bati. Nilitaka kupiga kelele, kisha nikaona uso wake, sikupiga. Aliinama akasogea karibu kabisa. Miaka mingi sana ilikuwa imekusanyika pale, nadhani, Jumatatu zote, kazi zote zilizokwaruzwa upya, kila mtu aliyelaumiwa. Akasema, taratibu, kwa bati zaidi kuliko kwetu: “Kumbe haikuwa naogopa banamuke.” Kisha akamgeukia Bisimwa, akamwambia amsamehe kwa maneno ya kasiksi. Bisimwa alijibu kwamba kasiksi pia imesamehe. Hapo ndipo tulipocheka, wote, kwa namna ya watu waliotoka mtoni wakiwa hai. Hakucheka Maman Riziki peke yake, aliyekuwa amesimama na mikono yake mikavu akitambua kwamba kuanzia leo hana tena sababu ya kukaa kwenye jiwe lake.

Tulinawa wote kwa zamu kwenye beseni lililowekwa langoni, sabuni ya kufulia, kisha dilian. Tajiri wa Kamanyola alifika katikati ya zoezi, amevaa suti, ananukia, shingo inang’aa, akataka kuipapasa jeep yake kabla haijapakwa. Papa alimzuia kwa kiwiko. Tajiri aliuliza kwa mshangao jeep ile ni ya nani. “Kesho iko yako,” Papa alisema. “Leo iko ya rangi.” Akakaa nje kwenye jiwe la Maman Riziki, suti na yote. Papa alipuliza paa, ubavu, boneti, akizunguka bila haraka, na hakuna jicho lililofunguka. Alipofika mlango wa nyuma alisimama, akaninyooshea pistole. Ilikuwa nzito kuliko nilivyowaza, na hewa ndani yake ilitetemeka kama mnyama mdogo. Nilifumba macho nikapitisha kiganja changu kikavu juu ya bati. Nilisikia kila kitu. Kisha nikavuta kidole, wingu likatoka mkononi mwangu, nikatembea nalo. Mpaka leo, nikiona mtu yeyote anafanya jambo gumu kwa mara ya kwanza na likamtii, nahisi ile pistole ikitetemeka.

Sikuwa fundi maisha yangu yote. Mwaka ulipoisha barua moja ilijibiwa, nikaenda kufundisha. Wanafunzi wangu wa Kalehe hulalamika kwamba siwaachi wacheke imani za mababu kabla hawajauliza mababu waliona nini. Hawajui nililipata wapi hilo, na sijawahi kuwaambia kwamba lilikuwa kwenye mlango wa friji.

Basi Jumamosi nilivaa kitenge kipya, nikasuka nywele, nikajipaka vizuri kama mtu anayekwenda sherehe, nikapanda boti mpaka Bukavu. Papa Murhula alikuwa amesimama langoni mwenyewe, mvi zimejaa, beseni liko miguuni pake. Mbele yangu kulikuwa na padri, amekunja mikono ya shati, akinawa kimya kimya. Papa alinikumbatia kwa mbali, akachukua mkono wangu, akakigeuza kiganja kwenye mwanga, akakinusa. “Lisansi,” alisema, “uko nangaa. Baki inje.” Nilinawa. Sabuni ile ile, dilian ile ile, na nyuma yangu Bisimwa akiniambia kwamba shahada imeanza kutoka, nisugue zaidi. Nikaingia na mikono ya kijivu kama wengine. Ndani, Riziki, mrefu sasa kama mama yake, alikuwa mbele ya jeep, macho amefumba, kiganja kinatembea juu ya boneti. Alipomaliza akainua pistole. Kompresa ikakohoa. Kisha akageuka, akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu, akaishusha.

“Yaya,” aliniuliza, akiniita dada mkubwa, “na nywele?”

Nilishika misuko yangu. Ilikuwa inateleza kwa mafuta. Sikuwa nimeifikiria, wala mwaka ule, wala tangu mwaka ule. Baba yake alinitazama, nami nikamtazama, na sote wawili tukaanza kucheka kabla Riziki hajanyoosha kidole kuelekea lango. Nikatoka. Maman Riziki alikuwa nje kwenye jiwe lake na ungo wa maharage, nywele zake zimepakwa mafuta kwa makusudi kabisa, akasogea kunipa nafasi.